Mafuta ni ya Nani, na Hasara ni ya Nani?

Hapana neema aliyoitia Mwenyezi Mungu katika ardhi ila imekuja pamoja na amana yake. Moto wapika chakula, na moto huo huo waunguza nyumba. Na katika neema za zama zetu hizi ni chache zilizoleta utajiri mwingi, na ugomvi mwingi pia, kama mafuta yanayochimbwa chini ya ardhi na chini ya bahari. Juu ya utajiri wake yameandikwa mengi, nami sina la kuongeza. Nataka kuandika juu ya hasara yake, na khasa juu ya suali moja: mafuta yakimwagika, nani alipe, na nani mwenye haki ya kumlazimisha alipe?

Suali hili si la mbali kwetu sisi watu wa Tanga. Mwaka 2021 yalitiwa saini mapatano ya bomba la kuleta mafuta ya Uganda mpaka pwani yetu, kutoka Hoima karibu na Ziwa Albert hadi rasi ya Chongoleani, mwendo wa kilomita 1,443, na katika hizo kilomita 1,147 zimo Tanzania. Mafuta yale ni mazito kama nta, hayatembei ila yapashwe moto, na kwa hivyo bomba lake limefanywa la kupashwa joto njia nzima. Mwisho wa safari ni matangi manne, kila moja la kuchukua mapipa laki tano, na gati lililoingia baharini ili meli zije zipakie hapo. Bahari hiyo ndiyo wanayovua baba wa wanafunzi wangu. Chuo changu, Alhamdulillahi, kimesimama miaka mingi kwa ada ya Alhamisi, na ada ya Alhamisi yatoka katika samaki. Kusi ikikaza na ngalawa zikalala pwani, ada hupungua, nami sidai. Sihitaji kwenda ufukoni nijue bahari imeamkaje. Nayajua hayo kwa kuhesabu senti zilizoletwa na watoto.

Jambo hili lilizungumzwa usiku mmoja barazani kwetu baada ya sala ya Isha, na sauti zikapanda kidogo kuliko ipasavyo karibu na msikiti. Mzee mmoja tunayemheshimu, aliyekuwa karani wa serikali mpaka akastaafu, alisema kuwa serikali ikishampa mtu kibali na mkataba ukatiwa saini, basi na imwache afanye kazi yake. Kila siku kanuni mpya, ushuru mpya, mkaguzi mpya! Mwenye mali atakunja mkeka wake aende kwa wengine, nasi tutabaki na umasikini wetu. Tena akaongeza hoja ambayo si nyepesi: sisi Waislamu tumeamrishwa kutimiza ahadi, na serikali inayombadilikia mtu katikati ya mkataba haitimizi ahadi. Kijana mmoja mvuvi, aliyenisomea zamani, akajibu, "Mzee wangu, mimi sina mkataba na mtu. Bahari ikiharibika nimdai nani? Nikiidai serikali, nayo ndiyo mshirika wao." Kisha akanigeukia, "Maalim, dini yasemaje?"

Sikumjibu usiku ule. Suali lililohusu mali ya watu halijibiwi kwa haraka ya barazani. Nilirudi kwenye vitabu vyangu, na kwa mambo yasiyokuwamo katika vitabu hivyo nilimwomba mtoto wa ndugu yangu, ambaye amesoma Kiingereza kuliko mimi, anisomee khabari za nchi zilizotangulia katika kazi hii. Kwani si akili mtu kungoja nyumba yake iungue ndipo aulize majirani moto wao waliuzimaje.

Nilianza na Ghuba ya Mexico, kusini ya Marekani, kwa kuwa huko kila upande wa mabishano yetu ulipata kusema. Tarehe 20 Aprili, 2010, mtambo wa kuchimba uitwao Deepwater Horizon ulipasuka na kushika moto katika bahari yenye kina cha mita 1,500 hivi, ukiwa umbali wa kilomita 66 kutoka pwani ya Louisiana. Watu kumi na mmoja walikufa. Mtambo ukazama, na kisima kikabaki wazi chini ya bahari kikitoa mafuta kwa siku 87. Serikali ilikadiria kuwa yalitoka mapipa milioni 4.9, mahakama baadaye ikahesabu kuwa yaliyoingia baharini ni milioni 3.19. Tazama, ndugu msomaji, hata kipimo cha kilichomwagika kilikuwa jambo la kushindaniwa, kwa sababu faini ilikuwa ikihesabiwa kwa pipa.

Kisima kilikuwa cha kampuni ya BP ya Uingereza. Mtambo ulikuwa wa kampuni nyingine, Transocean. Saruji ya kuzibia kisima ilitiwa na kampuni ya tatu, Halliburton. Wakuu wao walipoitwa mbele ya Baraza la Seneti mwezi wa Mei mwaka ule, kila mmoja alimsonta mwenziwe. Mahakama ilikuja ikawagawia lawama mwaka 2014: BP sehemu 67 katika mia, Transocean 30, Halliburton 3, na jaji akaona kuwa BP ilifanya uzembe uliopita mpaka. Lakini hukumu hiyo ilikuja miaka minne baada ya msiba. Na wakati huo wote aliyekuwa hana wa kumsonta ni mvuvi. Zaidi ya thuluthi ya maji ya ghuba yaliyo chini ya serikali kuu yalipata kufungwa kwa uvuvi, kwa kuwa hapana aliyeweza kuwahakikishia walaji kuwa kamba na samaki wake ni salama.

Sasa sikiliza jambo la sheria, nalo ndilo lililonishangaza kuliko moto wenyewe. Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipanda mwamba huko Alaska ikamwaga mafuta mengi pwani, na kwa sababu ya msiba ule Wamarekani wakatunga sheria ya mwaka 1990 juu ya uchafuzi wa mafuta. Sheria hiyo ilisema kuwa mwenye kisima cha baharini atalipa gharama zote za kusafisha. Ama hasara za watu wengine, yaani mvuvi aliyekosa kuvua, mwenye hoteli aliyekosa wageni, muuza chaza aliyefunga duka, hizo sheria iliziwekea kikomo: dola milioni 75, basi. Kikomo hicho huondoka ikithibiti uzembe mkubwa au kuvunjwa kwa kanuni, lakini kuthibitisha ni kazi ya mahakama, na mahakama yataka miaka. Kampuni moja ikichuma mabilioni kwa mwaka, na sheria ikaiambia kuwa hata ukiiharibu bahari ya watu hutalipa hasara zao ila kiasi hiki! Mtu akifikiri kidogo ataona kuwa kikomo hiki hakikuiondoa hasara. Hasara haifutiki kwa kalamu. Iliyozidi juu ya milioni 75 iliachwa ianguke pale ilipoangukia.

Ilipodhihirika kuwa hasara itavuka kikomo hicho mara nyingi, Rais Obama aliwaita wakuu wa BP nyumbani kwake tarehe 16 Juni, 2010, na walipotoka BP ilikuwa imekubali kuweka kando dola bilioni 20 za kulipa madai ya watu. Hapo yakazuka mabishano kama yale ya baraza letu. Siku ya pili yake mjumbe mmoja wa Congress, Joe Barton wa Texas, alimwomba radhi mkuu wa BP mbele ya watu, akiona kuwa kampuni imenyang'anywa fedha zake kwa vitisho vya Ikulu. Jioni ile ile akayarudisha maneno yake, kwa kuwa hata wenzake wa chama walimkasirikia. Wengine walisema Rais hakufanya ila haki ya mchungaji kwa kundi lake.

Mimi nimewafikiria wote wawili. Barton ninaona alikosea mahali pa kuweka huruma yake; lakini ndani ya maneno yake mlikuwamo kitu. Haki isiyoandikwa, inayopatikana kwa sababu tu mtawala mwenye haiba amemwita tajiri chumbani, ni haki iliyotundikwa kwa uzi. Leo mtawala ni mkali, kesho atakuwa mpole, keshokutwa atakuwa rafiki yao. Fedha zile zilikuwa haki ya wavuvi tangu siku ya kwanza, na aibu ilikuwa ya sheria iliyowafanya wazipate kama hisani. Wala hawakujifunza sana: Congress haikukiondoa kikomo kile, na mwaka 2014 kilipandishwa tu hadi kiasi cha dola milioni 134.

Sasa narudi kwa suali la kijana, dini yasemaje.

Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba Abyadh bin Hammal alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwomba ampe machimbo ya chumvi ya Ma'rib, katika nchi ya Yaman, naye akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja aliyekuwapo katika majlisi akamweleza Mtume kuwa alichompa ni kitu mfano wa maji yasiyokatika, yaani kitu ambacho watu wote hukiendea na kukichukua bila ya taabu. Basi Mtume (S.A.W.) akakirudisha kutoka kwake. Wanazuoni wakaichukua khabari hii wakajenga juu yake mlango mzima wa madini. Yaliyo dhahiri, ambayo hayahitaji kuchimbuliwa, hapewi mtu peke yake, ni ya wote. Ama yaliyofichika ndani ya ardhi, yanayotaka mali na kazi kuyatoa, hapo maimamu wametafautiana: Maliki wanayaweka yote katika mikono ya mtawala kwa maslaha ya watu, na katika madhehebu yetu ya Shafii imekubaliwa kuwa mtawala aweza kumpa mtu ayafanyie kazi na kunufaika nayo. Mafuta ya Ziwa Albert hapana shaka ni ya fungu hili la pili. Huwezi kwenda na ndoo ukayateka.

Kwa hivyo mzee wetu karani hakukosa aliposema kuwa kibali kina heshima yake. Mwenye kuweka mali na jasho ana haki ya kutumaini kuwa neno alilopewa litasimama, na serikali inayogeuza mashariti kila inapoona mwenziwe amepata faida ni serikali isiyoaminika. Lakini atazame chumvi ile mara nyingine. Aliyetoa alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na aliyepewa hakufanya kosa lolote, na juu ya hivyo kilirudishwa ilipobainika kuwa katika kumpa mmoja mlikuwamo kuwanyima wengi. Hapana mkataba unaoweza kutoa kile ambacho mtoaji hakuwa nacho. Serikali yaweza kumpa mtu mafuta yaliyo chini. Haiwezi kumpa haki ya kuiharibu bahari ya mvuvi, kwa kuwa haki hiyo haikuwa katika hazina yake. Sharia imekataza kudhuru na kulipa dhara kwa dhara, na makatazo hayo hayakumwacha nje mwenye leseni.

Kisha kuna kanuni nyingine, ambayo kila aliyesoma bei na ijara anaijua. Mtu alinunua mtumwa katika zama za Mtume (S.A.W.), akamtumikisha, kisha akaona aibu aliyokuwa nayo tangu zamani akamrudisha. Muuzaji akadai ujira wa zile siku za kazi. Mtume akahukumu kuwa hana dai, kwa maana manufaa ya kitu ni ya yule ambaye kitu hicho kikipotea hasara ingekuwa juu yake. Wanazuoni wameigeuza kanuni hii pande zote mbili: mwenye kubeba hasara ndiye mwenye haki ya faida, na anayekula faida na aibebe hasara. Kwa kanuni hii kikomo cha dola milioni 75 hakina mahali pa kukaa. Faida haina kikomo, je, hasara iwe nacho? Mtu achume mpaka ashibe, na hasara ikija apimiwe kibaba?

Tena hata pale alipolipa, hakulipa yote yeye. BP iliandika katika hesabu zake za mwaka 2010 hasara ya zaidi ya dola bilioni 32, na kwa njia hiyo ikajipatia nafuu ya kodi ya kiasi cha dola bilioni 10. Nafuu ya kodi ni fedha ambayo hazina ya watu haikuipata. Mwaka 2015 yalifikiwa mapatano makubwa na serikali, dola bilioni 20.8, na kampuni yenyewe imesema kuwa kwa jumla msiba ule umeigharimu zaidi ya bilioni 65. Ni fedha nyingi mno, sikatai. Lakini sehemu yake ilitoka mfukoni mwa mtu ambaye hakuchimba kitu.

Haki yataka niseme na la upande wa pili. Serikali ya Marekani baada ya mlipuko ilitoa amri ya kusimamisha uchimbaji wote wa maji ya kina kikubwa kwa miezi sita. Jaji mmoja akaizuia mwezi wa Juni, serikali ikaitoa upya kwa namna nyingine mwezi wa Julai, na ikaondolewa Oktoba kabla ya wakati wake. Katika miezi hiyo walioumia si wenye kampuni. Ni makuli na mafundi wa mitambo ambayo haikumwaga hata tone, na wapishi wao, na wenye mashua za kuwapelekea chakula. Ukali wa serikali nao una gharama yake, na gharama hiyo nayo hupenda kumtafuta mnyonge. Anayesema serikali ipige marufuku tu, na amfikirie na huyu.

Ama usimamizi, huo ndio mlango wa hasara yote. Sote tumesoma namna Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, akakuta juu kukavu na ndani mna unyevu, akamkemea mwenye kuuza. Hakuuliza karatasi. Alitia mkono. Huko Marekani idara iliyotakiwa kutia mkono ilikuwa moja na ile iliyokuwa ikikodisha bahari kwa makampuni na kukusanya fedha za serikali kutoka kwao. Mwaka 2008, miaka miwili kabla ya msiba, mkaguzi mkuu wa wizara alitoa taarifa kuwa baadhi ya watumishi wa idara hiyo wakipokea zawadi na takrima za makampuni ya mafuta. Baada ya msiba idara ikavunjwa, na kazi zake zikagawanywa: wa kukodisha mbali, wa kukagua mbali, wa kukusanya fedha mbali. Walifanya jambo la akili, na walilifanya baada ya watu kumi na mmoja kuzikwa.

Nikitazama kwetu, naona sheria nzuri zimeandikwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kuwa mchafuzi ndiye alipaye. Sheria ya petroli ya mwaka 2015 imeunda mamlaka ya udhibiti iliyo mbali na shirika la taifa la mafuta, na huo ni mgawanyo ambao Wamarekani waliufikia kwa msiba. Lakini katika bomba la Chongoleani shirika letu la taifa lina hisa 15 katika mia, na la Uganda vile vile 15, na kampuni ya Ufaransa 62, na ya China 8. Nafurahi kuwa tumo katika faida. Ila kijana mvuvi alisema kweli: serikali ni mshirika. Mtu akiwa na hisa katika duka, atatia mkono mpaka chini ya rundo? Sisemi haiwezekani. Nasema mkaguzi wa namna hii yapasa ripoti zake zisomwe hadharani, kwa Kiswahili, mpaka kwenye ofisi za vijiji, ili asiyekuwa na hisa naye aone.

Na uwezo wa kusimamia serikali inao, mtu asitudanganye. Mwaka 2009 bahari hii yetu ya Tanga kuelekea Pangani ilifanywa hifadhi kwa ajili ya silikanti, samaki yule wa kale ambaye wataalamu walimdhania ametoweka tangu mamilioni ya miaka. Wavuvi waliokuwa wakitega jarife katika maji ya kina waliambiwa jarife sasa basi, kwa kuwa silikanti hunaswa humo. Walinung'unika, na jarife ni mali, si kamba ya kuokota. Lakini walitii, na mashua za doria zilikuja kuhakikisha wametii. Hawakuahidiwa kikomo cha hasara. Hapana aliyesema kuwa kanuni hii itawafukuza wavuvi waende bahari nyingine. Basi serikali iliyoweza kumwambia mwenye jarife ya viraka kuwa samaki huyu ni amana, yaweza kumwambia maneno hayo hayo mwenye meli.

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Fedha zile bilioni 20 zilipowekwa, watu wa pwani ya Louisiana walikwenda kudai. Wakaulizwa: una hati gani? Risiti ziko wapi? Ulilipa kodi ya kiasi gani mwaka uliopita? Wenye hoteli walikuwa na vitabu vya hesabu. Lakini wako wavuvi wadogo, wengi wao watu waliotoka Vietnam wakafanya maskani huko, waliozoea kuuza kwa fedha taslimu na kupeleka sehemu ya samaki nyumbani wakala na majirani. Samaki uliyemla hana risiti. Kamba uliyempa jirani hakuandikwa popote. Haki ilikuwapo, fedha ilikuwapo, na mwenye haki akasimama mlangoni hana cha kuonyesha.

Nilipousikia ukurasa huo nilimwambia mtoto wa ndugu yangu aurejee. Mvuvi wetu ana hati gani? Mchana humuuzia mchuuzi pale pale mchangani, jioni humpa shemeji tasi wawili, na usiku amekwisha kusahau. Mkewe huenda mwambani bamvua ikitoka, akachokoa pweza na kuokota kome, na kazi yake hiyo hata mumewe haihesabu kuwa ni kazi. Tanzania imo katika mapatano ya kimataifa ya mwaka 1992 juu ya mafuta yanayomwagwa na meli, na uko mfuko wa kulipa fidia. Ni jambo jema sana. Lakini mfuko ule nao una kikomo, na kila anayedai hutakiwa aonyeshe alichopoteza. Hata wale wa bara waliopitiwa na bomba katika mashamba yao wameonja kidogo ya haya: mimea yao ilihesabiwa mwaka 2018, na wengi hawakupata fedha zao ila miaka mitatu au zaidi baadaye. Wao angalau minazi na mikorosho yao ilikuwa imesimama, yahesabika. Samaki aliye baharini hasimami akahesabiwe.

Wakubwa wa dola na wenye makampuni watabishana juu ya vikomo na hisa, nami mwalimu wa chuo sina kiti katika mabishano hayo. Lakini kuandika nakujua, na kuandika ndiyo kazi ninayofundisha. Basi tangu mwezi wa Rajabu kila mtoto wa mvuvi katika chuo changu ana daftari mbili. Moja ni ya masomo yake. Ya pili anaandika, kila jioni kabla ya Magharibi, baba alikwenda wapi, ametumia mshipi au nyavu au madema, amepata samaki gani, wamepimwa kilo ngapi, wameuzwa kwa bei gani, na waliobaki kuliwa nyumbani ni wangapi. Watoto wa kike wanaandika ya mama zao, na kwa hili nilipata upinzani, kwani baadhi ya wanaume waliona haya kuwa pweza za wake zao zinaandikwa kama mali. Hesabu za mwezi wa kwanza zilipojumlishwa haya hiyo ilipungua.

Mzee karani, niliyemsimulia yote haya mpaka chumvi ya Ma'rib, hakusema kuwa amekubali. Alisema tu kuwa daftari za watoto zimepigwa mistari ovyo, na kwamba hati ya namna ile haitapokewa na ofisi yoyote duniani. Akaja siku ya pili na rula yake na kalamu ya wino mwekundu, akaketi nasi tangu Alasiri, akapiga safu saba katika kila ukurasa na kuwafundisha watoto kutia tarehe na sahihi ya shahidi.

Kijana mvuvi aliniuliza aandike nini siku ambazo hakupata kitu. Nikamwambia aandike hivyo hivyo, hakupata, na aeleze upepo ulikuwaje. Mwenye kuandika siku tupu husadikiwa katika siku zilizojaa. Daftari zikijaa huwekwa katika sanduku la misahafu, kwa kuwa hilo ndilo lisilofikiwa na mchwa, na sasa zimekuwa arubaini na tatu.